Uvimbe Uliokuwa na Adabu

Uvimbe wangu ulikuwa na adabu. Nikilala chali unarudi ndani kimya kimya. Nikiamka alfajiri haupo. Nikifika dukani na kuinua gunia la kwanza, ndio huo, unachungulia kwenye mkunjo wa paja la kulia, ukubwa wa ndimu. Hauumi. Mara ya kwanza niliubonyeza kwa kidole, ukaingia na mlio mdogo kama mguu unaochomoka topeni. Nikatazama mlangoni kama kuna mteja, nikavuta suruali juu, nikaendelea kupima maharage.

Hiyo ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2022. Nilipasuliwa Agosti 2024. Hapo katikati kuna miaka miwili na zaidi, na nikijiuliza ilikwenda wapi napata jibu linaloniaibisha kidogo: ilikwenda kwenye neno.

Mimi nauza nafaka na viazi Ngamiani, Tanga. Duka ni dogo, na kijana wa kunisaidia huja siku mzigo unapoingia tu, kwa hiyo siku nyingine magunia nabeba mwenyewe. Viazi vinatoka Lushoto, tena kwa lumbesa: gunia limejaa, kisha limeshonewa kilemba juu yake, na uzito wake anaujua Mungu na aliyelishona. Nilikuwa na miaka 42 na sikuwahi kulazwa hata siku moja.

Sasa hilo neno. Kwetu pwani mwanamume akiwa na tatizo lolote kuanzia kiunoni kushuka, ana mshipa. Korodani zikijaa maji, mshipa. Kiuno kikikaza, mshipa. Tumbo likinguruma usiku, mshipa umepanda. Ngiri nayo, ambayo ndiyo iliyokuwa yangu, imetiwa humo humo. Ukisema "nina ngiri" barazani, mmoja atafikiri una busha, mwingine atafikiri huwezi kumpa mkeo mimba, wa tatu atacheka. Hakuna hata mmoja atakayefikiri kwamba utumbo wako unatoka mahali pake.

Nilianza kwa baba mdogo, kwa sababu yeye aliwahi kupasuliwa busha katika zile kambi za bure ambazo serikali huziweka huku pwani. Nilimkuta kibarazani anachambua njugu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Mbona unatembea kama bwana harusi?"

Nikamweleza kwa mafumbo, kwamba kuna kitu kinakuja na kwenda. Hakuomba kuona, nami sikutaka aone. Akasema, "Huo mshipa. Nyie mmekunywa madafu mno utotoni." Basi nikaacha madafu. Mwaka mzima Tanga nzima inakunywa madafu, mimi nimekaa pembeni na chupa ya maji.

Baadaye nilikuja kujua kwamba madafu hayana kosa lolote katika kesi hii, wala katika ile ya baba mdogo. Busha ni maji yanayojaa kwenye mfuko wa korodani, na kwetu pwani sababu kubwa ni minyoo myembamba inayoenezwa na mbu, ileile inayoleta matende. Ngiri ni jambo jingine kabisa. Ukuta wa tumbo una sehemu dhaifu, na pale kinenani mwanamume ana tundu alilopitishia korodani zake kushuka kabla hajazaliwa. Tundu lisipojifunga vizuri, au misuli ikilegea kwa umri, mafuta ya tumboni au kipande cha utumbo hupenya hapo. Ukikohoa, ukijikamua chooni, ukiinua gunia, kinasukumwa nje. Ukilala, kinarudi. Busha la mtu mzima halina tabia ya kurudi ukilala. Jambo dogo hilo, lakini lingeniambia mengi kama kungekuwa na mtu wa kulisema.

Baada ya baba mdogo nikamwendea muuza dawa. Ubao wake ulikuwa umeegemezwa ukutani na ulinieleza mimi mwenyewe kuliko nilivyoweza kujieleza: kiuno kuuma, tumbo kunguruma, kuchoka, choo kama cha mbuzi, nguvu kupungua. Ukiusoma vizuri huo ubao utaona hakuna mwanamume mwenye miaka zaidi ya 35 ambaye hayumo. Lakini mtu akishaogopa hasomi vizuri. Nililipa shilingi 45,000 kwa unga wa kuweka kwenye uji asubuhi na jioni. Niliharisha siku nne, nikapungua, nikamaliza kopo lote. Uvimbe ukaendelea na adabu zake.

Sitaki kumbebesha muuza dawa mzigo wote. Hospitali nako nilikwenda, na huko nilijipoteza mwenyewe. Katika zahanati moja daktari aliniuliza tatizo, nikajibu, "Kiuno kinauma." Hakikuwa kikiuma. Lakini nyuma yangu mlango ulikuwa wazi, foleni inanitazama mgongoni, na neno "kinena" lilikataa kutoka. Naye hakuinua macho kwenye daftari. Nikapimwa mkojo, nikaambiwa nina UTI, nikapewa vidonge vya siku saba na sindano ya maumivu. Nikatoka hapo nimefarijika kama mjinga: kumbe ni UTI tu.

Mara ya pili nilijikaza zaidi, mahali pengine, nikasema kuna uvimbe. Nikaandikiwa altrasaundi. Yule mpimaji akaniambia nilale chali, nikalala, na uvimbe wangu, kwa adabu zake, ukarudi ndani. Akapaka mafuta, akapitisha kile kifaa, akaandika kwamba hakuona kitu. Hakuniambia nikohoe wala nisimame, nami sikujua kwamba ningeweza kumwambia, "Ndugu yangu, ukinilaza hivi hauonekani." Nilitoka na karatasi inayosema mimi ni mzima. Karatasi hiyo ilinichelewesha miezi saba mingine.

Nyumbani nilikuwa nimejifunza kuzima taa mapema. Nabadilisha nguo gizani, naoga nimefunga komeo. Nilidhani nimeficha vizuri. Kumbe mama watoto alikuwa ameona yote hayo na kuyajumlisha kwa hesabu yake: mume anazima taa, amepungua, anatembea kwa uangalifu, ananunua dawa za kuongeza nguvu (alikuta lile kopo). Kwa hiyo kuna mwanamke. Alikaa na mawazo hayo miezi, masikini, bila kusema.

Yalifumuka Juni 2024. Fuso ilikuja na mzigo saa tano asubuhi, kijana hakuja, nikapakua mwenyewe. Gunia la nne nilihisi kitu kimechanika kama kitambaa chenye maji. Ndimu ikawa chungwa, na safari hii haikurudi. Ikawa ngumu. Nikajilaza juu ya magunia, miguu nimeiegemeza kwenye mizani, jasho linanitoka kama niko pangoni. Mteja mmoja aliingia, akanitazama, akatoka. Nilikaa hivyo karibu saa nzima ndipo ikarudi taratibu. Jioni mama watoto alinikuta nimekaa kitandani na kanga yake imefungwa kiunoni kwa nguvu, na safari hii hakuzimiwa taa.

Alipoona, alikaa chini sakafuni. Akasema, "Ni hiki tu?" Kisha akalia, na bado sijui alilia kwa huruma au kwa furaha.

Bintiyetu wa miaka saba alisikia neno moja tu katika mazungumzo ya usiku ule. Asubuhi aliniuliza ngiri ameingiaje tumboni mwangu, na kama ana zile pembe za mdomoni. Kabla ya adhuhuri alikuwa amewatangazia watoto wenzake madrasani kwamba baba yake amekula ngiri. Ilibidi niende kumweleza ustadhi.

Daktari bingwa wa upasuaji niliyepelekwa alikuwa msichana. Nasema msichana kwa kipimo changu. Angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Nikamuuliza kama hakuna daktari mwanamume. Hakukasirika. "Shikamoo baba," akasema, kisha akavaa glavu. "Yupo, lakini anarudi wiki ijayo. Na mimi wa namna yako nawaona kila kliniki. Vua suruali, simama hapo, geuza uso pembeni, ukohoe." Nikakohoa. Akaweka vidole viwili, akasema nikohoe tena. Dakika moja haikuisha. "Ngiri ya kinena, upande wa kulia." Miaka miwili, unga wa uji, UTI, altrasaundi, na jibu lilikuwa kwenye kikohozi.

Akanieleza kwamba hesabu zilizofanywa Uingereza zilionyesha katika wanaume 100, kama 27 hupata ngiri ya kinena wakati fulani maishani, na katika wanawake 100 kama 3. Nikafikiria foleni ya msikitini, safu moja baada ya nyingine, na sote tumenyamaza. Akasema pia kuna wanaume wenye ngiri ndogo isiyosumbua ambao, kwa kukubaliana na daktari, huweza kuisubiri huku wakiiangalia, na wengi wao huishia kupasuliwa baada ya miaka kwa sababu ya maumivu. Yangu, kwa ile saa moja juu ya magunia, haikuwa ya kusubiri. Uvimbe ukikwama nje, ukawa mgumu na kuuma sana, nawe ukaanza kutapika, choo na ushuzi vikakatika, hapo ni hospitali usiku huo huo, si kesho.

Aliponiuliza kama nina swali, niliuliza bei. Nilikuwa na maswali sita mengine na yote niliyameza.

Nilikuja kuyasikia wodini, usiku wa kuamkia upasuaji. Kitanda cha jirani alikuwepo mzee mmoja dereva wa malori, mtu wa maneno yasiyo na pazia. Daktari alipopita na wauguzi, mzee akamwita kwa sauti ya stendi: "Daktari, mkishanikata hapa, kazi ya usiku itakuwepo au ndio basi?" Wodi nzima ikanyamaza. Waliokuwa wanakula uji wakashusha vijiko. Nina hakika hata waliolala walifungua jicho moja.

Daktari akajibu kwa sauti ileile, na namheshimu kwa hilo. Mishipa inayosimamisha mwanamume haipiti pale wanapokata. Kinachopita pale ni kamba ya korodani, yenye mishipa ya damu na njia ya mbegu, nayo huisogeza pembeni kwa uangalifu. Kuna hatari ndogo ya kuijeruhi, na ndiyo maana fomu ya ridhaa unasaini baada ya kuisoma. Wengi hurudi kwenye ndoa zao baada ya wiki mbili tatu, maumivu yakiruhusu. Wachache, kama mmoja kati ya kumi, hubaki na maumivu ya kusumbua sehemu ile kwa miezi. Mzee akasema, "Basi kateni." Usiku ule wodi ililala vizuri.

Kitanda cha mwisho karibu na dirisha kulikuwa na mvuvi wa kutoka vijiji vya pwani ya kaskazini. Huyu namkumbuka kuliko sisi wote. Alikuwa na ngiri zaidi ya miaka ishirini, imeshuka mpaka mfukoni mwa korodani, anaibeba ndani ya kikoi kama mzigo wa mtu mwingine. Kila jioni aliirudisha kwa mkono, akalala. Siku moja wakivuta wavu wa jarife baharini, ngiri ikatoka na haikurudi. Nyumbani wakamchua kwa mafuta ya nazi siku mbili huku anatapika. Walipomfikisha hospitali utumbo ulikuwa umekosa damu, umekuwa mweusi, ikabidi wakate kipande na kuunga. Alikuwa wodini kabla yangu na nikamwacha pale. Kila akivuta pumzi alishika tumbo kwa mikono miwili.

Nilimpelekea chai. Akaniambia, polepole, "Mwanangu, mimi siku zote najua ni mshipa. Mtu anaishi na mshipa. Hakuna aliyeniambia ule ni utumbo wangu."

Upasuaji wenyewe sitausimulia sana, kwa sababu kilichotokea ni kidogo kuliko nilichokiogopa. Kuanzia saa sita usiku huli wala hunywi. Asubuhi nesi ananyoa. Thieta ni baridi kuliko Lushoto. Wakaniambia nikae nijikunje kama paka, wakachoma ganzi ya mgongoni, na baada ya dakika chache miguu ikawa ya mtu mwingine. Nilikuwa macho. Niliwasikia wakizungumza habari za harusi ya mtu, na nilihisi kuvutwa vutwa, kama mtu anatafuta chenji kwenye mfuko wa suruali uliyoivaa. Maumivu hakuna. Nilisoma Yasin nusu, nikapotea aya, nikaanza upya, wakasema tumemaliza.

Waliniwekea wavu. Hili lilinisumbua kabla: kitu cha plastiki tumboni, hakiozi? Hakishiki kutu? Daktari alinieleza kwamba zamani walivuta misuli ya pande mbili na kuishona pamoja, na mshono ukakaa umekazwa, mara nyingine ukaachia. Wavu huwekwa kama kiraka, bila kuvuta chochote, na nyama hukua kupitia matundu yake. Uliongeza bili, nikakopa kwa shemeji. Baadaye nikiwa nyumbani nilisoma kwamba Uganda walifanya utafiti uliotangazwa mwaka 2016, wanaume 302, nusu wakawekewa wavu wa kiwandani wa bei kubwa na nusu kitambaa cha chandarua kilichotakaswa kwa joto. Baada ya mwaka mmoja, kwenye kundi la chandarua ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu. Nilicheka peke yangu, nikajishika mshono. Sisi watu wa pwani mbu ametupa mabusha, na chandarua kumbe kinaweza kuziba ngiri. (Si kile cha kitandani kwako, tafadhali.)

Kilichonishinda kilikuwa mkojo. Hakuna aliyenionya. Ganzi iliisha, miguu ikarudi, lakini mkojo ukagoma saa nane nzima, tumbo limejaa kama ngoma. Nesi akanifungulia bomba la maji nisikie yanavyotiririka. Halikusaidia, likanitia aibu tu. Mwisho wakaweka mpira wa kutolea mkojo, na katika maisha yangu sijawahi kumshukuru mtu kama nilivyomshukuru nesi yule. Nikaambiwa hutokea baada ya ganzi ya mgongoni, hasa kwa wanaume. Kama ningejua, ningeogopa nusu.

Na siku ya tatu, nimesharudi nyumbani, nilivua bandeji nikaona korodani nyeusi kama bilinganya. Mama watoto alipiga kelele kabla yangu. Tukakodi bajaji mpaka wodini, nesi akatazama mara moja tu: ni damu iliyovuja chini ya ngozi wakati wa upasuaji, imeshuka kwa uzito wake, vaa chupi ya kubana, itaondoka. Baada ya wiki mbili iliondoka, ikipitia rangi zote za embe. Chini ya mshono kulibaki mstari mgumu kama kamba, nao ukalainika baada ya miezi. Kipande cha ngozi upande wa ndani hakina hisia mpaka leo. Nikikigusa ni kama nagusa mkono wa mtu aliyelala.

Choo ndicho kazi. Usijikamue, walisema, na ukipasuliwa utaelewa kwa nini. Papai asubuhi, mchicha mchana, maji mengi. Kukohoa na kucheka unashika mto tumboni. Baba mdogo alipokuja kunijulia hali ilibidi afukuzwe chumbani kwa sababu ya vichekesho vyake.

Gunia niliambiwa wiki sita. Wiki ya tatu nikainua debe la mchele, kwa kiburi tu, kwa sababu mteja alikuwa mwanamke na alikuwa anasubiri. Nilichomwa kama na pasi ya mkaa. Mshono haukuachia, lakini nilikaa chini nikampimia kilo zake mbili nimekaa, na mama watoto aliajiri kijana wa kudumu kesho yake bila kuniuliza. Mshahara wake unanikata. Nisingekuwa na duka hili kama ningeendelea kubeba mwenyewe, mama watoto ananiambia, nami sijapata jibu la kumshinda.

Kijana huyo ana miaka 23. Mwezi uliopita, baada ya kufunga hesabu, alizunguka zunguka dukani anafagia mahali pasipo na uchafu. Mwisho akasema, macho yako chini, "Mjomba, eti kitu kikiwa kinapotea ukilala, hicho si ugonjwa, sivyo?"

Sikumpima, mimi nauza viazi. Nilimwambia aache magunia kuanzia dakika ile, na kesho yake nikampa nauli. Lakini niliona midomo yake inavyohangaika na lile neno, kama yangu ilivyohangaika mbele ya foleni. Basi nikachana karatasi ya kufungia sukari, nikamwandikia kwa herufi kubwa: *Nina uvimbe kinenani, kulia. Naomba kupimwa nikiwa nimesimama, na nikikohoa.* Nikamwambia asiseme kitu, ampe daktari tu asome.

Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaifunga kifungo.